Tupeane uzoefu: siku yako ya kawaida ukiwa masomoni nje, ile isiyopigwa picha

Kijana wa Makoroboi

Wakuu habari zenu. Mdogo wangu wa mwisho kapata skolashipu, Septemba anaondoka. Juzi kanipigia ananiuliza "kaka hivi siku yako moja huko inakuaje, kuanzia unaamka mpaka unalala?" Nikaanza kumjibu, katikati nikagundua ninayemwelezea siyo mimi, ni yule jamaa wa kwenye status zangu, wa daraja lenye mataa na treni ya kasi. Mwaka wa tatu huu niko huku na sijawahi kumsimulia mtu wa nyumbani Jumanne yangu ilivyo. Sasa naomba tuzisimulie hapa, kila mtu siku yake moja tu ya kawaida, nitamtumia asome mwenyewe. Naanza mimi.

Nipo Changsha, China, nasoma uhandisi wa ujenzi kwa Kichina. Watu wakisikia baridi ya China wanawaza Harbin, kule mto unaganda watu wanatembea juu yake, ila wale wa Harbin ndani wanakaa na tisheti kwa sababu kuna joto la mabomba mtaa mzima. Huku kusini hayo mabomba hayajafika, mstari wa mpaka waliuweka tangu miaka ya 1950 kule mto Huai, wa kaskazini wanapashwa joto wa kusini mtajua wenyewe. Kwa hiyo Januari nje nyuzi 4 na chumbani nyuzi 4, darasani tunakaa na makoti na mwalimu anafundisha na koti lake. Siku inaanza na vita ya kutoa mkono nje ya blanketi nizime alamu, saa kumi na mbili na nusu.

Kipindi cha kwanza saa mbili, na saa mbili ya huku ni saa mbili kweli siyo ile ya kwetu. Njiani nachukua baozi mbili, ni kama maandazi ya mvuke yana nyama ndani, na maziwa ya soya, nalipa kwa simu, noti ya yuan sijaishika miezi. Mwaka mzima nilisoma lugha, mtihani wao wa Kichina, HSK ngazi ya 4, nikapasi vizuri tu nikajiona nimeiva, siku ya kwanza darasani mwalimu wa mekanika ana lafudhi ya hukuhuku Hunan, katika dakika 90 nikaelewa neno moja, "kwa hiyo". Kila mara anasema kwa hiyo. Kwa hiyo nini sasa, ndo sijui. Siku hizi naelewa kama robo tatu, iliyobaki napiga picha ubao nakwenda kufa nayo maktaba.

Saa sita kasoro ni mbio za kantini, ukienda saa saba unamkuta mama anafuta masinia. Chakula cha mkoa huu pilipili inaingia kila kitu mpaka mchicha. Halafu chuo kizima kinalala. Siyo utani, watu wazima wanalaza vichwa juu ya madawati mpaka saa nane, mwaka wa kwanza nilicheka sana, sasa hivi ukinipigia muda huo tutagombana.

Usiku ndo napika. Chumbani marufuku, mama wa mapokezi anapita kukagua na akiona rice cooker anaibeba, hivyo ni jikoni chini, jiko moja ghorofa nzima. Unga wa mahindi upo ila ni wa njano, laini kama poda, ugali unateleza mpaka unaushika kwa kuuvizia. Mwiko sina, nilisongea kijiko cha plastiki cha kupakulia wali kikajikunja kama kinaomba radhi.

Sasa simu. Tumewazidi masaa 5. Mama anafunga genge lake saa moja jioni, hapo kwangu saa sita usiku, nasubiri macho nimeyashikilia kwa vidole. Umekula? Nimekula. Baridi? Kidogo tu mama. Dakika nne, basi. Nalala na soksi mbili mbili.

Hiyo ndo Jumanne. Haya karibuni.

Msafiri Kafiri

Hahahaha "unaushika kwa kuuvizia" umeniua mkuu. Mi nipo Manchester, masters ya mwaka mmoja, sina siku ya kusimulia kwa sababu sina siku. Darasa mchana, usiku nalea wazee kwenye nyumba ya wazee. Sheria masaa 20 kwa wiki kipindi cha masomo na ada yenyewe haijui kama kuna sheria. Nitarudi nikilala.

Dada wa Rongai

Mimi Mkenya, niko Ujerumani, nilikuja 2023. Acha niwape Alhamisi yangu.

Kwanza muelewe hii kitu inaitwa Sperrkonto. Kabla upewe viza unafungia pesa kwa akaunti, mwaka wangu ilikuwa euro 11,208, halafu ukishafika wanakurudishia 934 kila mwezi, yaani pesa ni yako lakini unapewa kama mtoto anapewa ya lunch. Hiyo pesa yetu ilitoka kwa Sacco ya mum, kipande cha shamba ya guka, yaani babu, na harambee mbili, na kuna auntie mpaka wa leo akinipigia lazima aulize "na masomo inaendaje" na ile sauti ya mtu aliye na shares kwa kampuni. Rent ilikuwa 380, insurance ya hospitali kama 120, hapo sijakula na sijapanda kitu.

So Alhamisi alamu yangu inalia saa tisa na nusu usiku. Nachukua tram ya kwanza, mko watu watano ndani, wote weusi ama Wahindi na hakuna anaongea. Shifti inaanza saa kumi na moja asubuhi mpaka saa tatu, ghala ya vifurushi. Nyinyi Watanzania mko na msemo wa kubeba boksi, mimi nilikuwa nadhani ni msemo. Ni boksi. Ni boksi kabisa, zinakuja kwa mkanda na hazisimami, unasoma namba unatupa kwa kreti yake na supavaiza anatembea nyuma yako na saa. Ni masaa 4 kwa sababu hiyo wanahesabu kama nusu siku, tunaruhusiwa nusu siku 280 kwa mwaka, mimi nazihesabu kwa daftari kama mtu amefungwa jela.

Saa nne niko lecture. Nimekaa mbele makusudi, nikikaa nyuma nalala. Kuna siku nililala mbele pia.

Desemba naingia kazini giza, natoka class saa kumi jioni giza inaingia, kuna wiki niliona jua kupitia dirisha ya library pekee. Lakini kitu ilinimaliza ya kwanza si giza, ni Jumapili. Hakuna mtu aliniambia Jumapili duka zote zinafungwa. Nilifika Jumamosi jioni na biskuti ya ndege. Jumapili nikatembea mtaa mzima nikitafuta hata mkate, hakuna mtu, nikafikiria kuna kitu imefanyika na mimi sijaambiwa. Jumatatu nikanunua vyakula kama mtu anajiandaa kwa vita.

Na Jumapili hiyo nyingine nikafua nguo na mashini saa nane mchana, jioni nikapata karatasi imebandikwa mlangoni, imeandikwa vizuri sana, na "tafadhali" na "salamu za kirafiki", kwamba leo ni siku ya kimya. Kwetu mtu angegonga akuambie we dada punguza. Hiyo karatasi niliiweka mpaka leo, sijui kwa nini.

Kahawa Tungu

Kijana wa Makoroboi na hapo China si ungetafuta kazi ya jioni? Au mnaringa.

Kijana wa Makoroboi

Mkuu viza ya mwanafunzi huku hairuhusu kazi bila kibali, ukikamatwa unafundisha watoto Kiingereza kimya kimya unarudishwa nyumbani na skolashipu inaishia hapo. Posho ya serikali yao kwa degree ni yuan 2500 kwa mwezi, hosteli bure. Inatosha kama huna mtu anayekutegemea. Ninao wanne.

Chungu Kipya

Mimi zamani kidogo, India, Pune, 2009 mpaka 2013, famasia.

Siku ya Pune ilikuwa ni mahudhurio. Chini ya asilimia 75 hufanyi mtihani, na mwalimu anaita majina mwanzo wa kipindi, jina langu alilitamka vibaya miaka minne yote na mimi nikaitika miaka minne yote. Asubuhi chai kwa muuza chai wa kona, kile kikombe kidogo kama cha dawa, na hapo ndo lugha ilinifungukia maana nilikuwa naogopa Kihindi bure. Namsikia jamaa anasema dukaan, hisaab, kitaab, duniya, chapati. Nikajiona nyumbani. Nikaanza kuongea Kiswahili nikipunguza irabu za mwisho na kutikisa kichwa, nusu ya siku zilikubali.

Kupanga nyumba ndo palikuwa na kesi. Dalali anakwambia kwenye simu chumba kipo, ukifika akikuona chumba kimepata mtu dakika hiyohiyo. Tulizungushwa wiki mbili, tulikuwa watu watatu na mabegi. Mwisho tukapata kwa mama mmoja mjane, wala nyama hali wala yai hali, sharti lake moja tu, tusipike nyama. Tukasema hewala. Mwenzetu mmoja wa Musoma akaletewa dagaa.

Jamani, dagaa. Tukakubaliana tutawakaanga saa tano ya usiku mama akiwa amelala, madirisha tufungue, feni tuwashe mwisho, mlango tuzibe taulo kwa chini. Tulisahau kitu kimoja kwamba feni inasukuma harufu, haili harufu. Mpaka saa tano na nusu ngazi nzima ghorofa nne watu wako nje na nguo za kulalia wanauliza nini kimekufa. Mama akaja akasimama mlangoni, akaangalia sufuria, akaangalia sisi, hakusema neno. Asubuhi tukakuta ametuachia udi umewashwa mlangoni kwetu. Uliwashwa kila asubuhi mwezi mzima. Hakutufukuza wala hakuitaja tena ile habari, na nilipopata homa ya dengi mwaka wa tatu ndiye aliyekuwa ananiletea uji wa mchele.

Mvua za Juni hadi Septemba sizielezi, nguo zilikuwa hazikauki, nimefanya mtihani na soksi mbichi.

Kahawa Tungu

Sawa tumewasikia, ila nyie mnalia na ugali wa njano na karatasi za mlangoni wakati sisi wengine tuna digrii zetu za hapahapa na tunaendesha boda. Mngebadilishana na mimi hata leo.

Dada wa Rongai

Hakuna mtu analia bana, tunaongea vile iko. Na by the way hiyo boda inakuingizia ngapi kwa siku, nauliza kwa uzuri tu.

Kahawa Tungu

Siku nzuri elfu 15 baada ya hesabu ya tajiri na mafuta. Siku mbaya hesabu haifiki.

Dada wa Rongai

Mimi leo niko na euro 6 mpaka Ijumaa. Jana nilikusanya chupa zote za plastiki kwa jikoni ya hosteli, hapa ukirudisha chupa dukani mashini inakupa senti 25 kila moja. Chupa 19. Nikasimama kwa hiyo mashini naingiza moja moja na nyuma yangu kuna mzee na mbwa wake anangoja, ikanipa karatasi ya euro 4.75, nikanunua mchele na nyanya na kitunguu. Sisemi ni mbaya kuliko yako. Nasema nilikuwa na furaha ya kweli kwa hiyo mashini na sina mtu nyumbani naweza mwambia juu wataanza kulia.

Kahawa Tungu

Daah. Sawa dada.

Mpemba Halisi

Assalaam alaykum. Mie nipo Istanbul, skolashipu ya serikali yao, mwaka wa kwanza wote lugha tu, Kituruki asubuhi mpaka alasiri.

Nyinyi mnalalamika masaa, mie tatizo langu ni kuwa saa ya Uturuki na ya nyumbani ni moja. Tangu 2016 hawabadilishi tena saa, mwaka mzima tuko sawa na Zanzibar. Sasa mama hana hata dakika ya kufikiri "pengine kalala". Saa moja ya asubuhi simu, ushaswali? Saa saba simu, ushakula? Usiku simu, nani huyo namsikia anakohoa? Siwezi kudanganya hata kidogo wallahi, ananiona mpaka mapazia.

Ila kwa kuwa saa wameikaza hapo, majira ya baridi asubuhi haifiki. Desemba jua linatoka baada ya saa mbili na dakika 20, tunakwenda darasani na nyota. Mwanzo nilifurahi kwa kuwa alfajiri inaingia karibu na saa moja, hakuna kuamka usiku wa manane. Halafu nikaja Juni, alfajiri inaingia kabla ya saa kumi na Isha inakaribia saa tano usiku, nikaomba Desemba irudi.

Chakula sina shida nacho, shida chai. Wanakunywa chai kutwa ila haina hata iliki, wala tangawizi. Nikamwambia mwenzangu wa chumbani nipe leo nikupikie chai ya maziwa ya kwetu, akanywa kimya kimya, akaniuliza hii ni supu gani.

Mtu wa Constantine

Algeria nani yupo? Maana sisi huwa tunasahauliwa, ukimwambia mtu unasoma Algeria anakwambia "aah Ulaya gani hiyo". Nipo Constantine mji wa madaraja, namalizia mwaka wa tano. Mwaka wa kwanza Kifaransa tu. Darasani Kifaransa, sokoni Kiarabu chao ambacho hata Mwarabu wa Oman anakipata kwa shida, hosteli Kiswahili.

Nataka niseme kitu kimoja tu, kantini. Mlo mmoja wa chuo ni dinari 1.20, hata senti moja ya dola haifiki, mchana bei hiyo, jioni bei hiyo. Foleni sasa! Unafika na sinia la chuma, dengu au maharage meupe, kipande cha kuku siku ya bahati, mkate mrefu, mtindi. Mkate wanaacha mezani kama karatasi, mwezi wa kwanza nilikuwa naubeba mifukoni kwenda nao chumbani nikiamini kesho wataamka na akili zao. Wikiendi ni Ijumaa na Jumamosi, na Ijumaa ni kuskusi, mji wote unanukia kuskusi na mitaa mitupu mpaka alasiri.

Shida ni kwamba jioni saa moja kantini imefunga na usiku ni mrefu. Hapo ndo Watanzania tunajikuta chumba kimoja watu tisa, sufuria moja, anayepika anaimba taarabu na wengine tunadanganyana kuhusu GPA.

Babu wa Ujiji

Wanangu nawasoma hapa kimya tangu jana. Mimi nilikwenda Moscow 1981. Nitasema kidogo tu maana macho yangu na hizi simu hayapatani.

Posho rubo 90. Mwaka wa kwanza lugha. Tulipofika walitupeleka dukani kwa pamoja tukapewa koti, kofia ya manyoya na viatu, viatu vyangu vilikuwa vikubwa namba mbili nikavaa hivyohivyo na magazeti ndani mpaka nikamaliza. Asubuhi uji wa ngano, darasa, jioni jikoni kwa zamu, palikuwa na Mkuba, Mvietnam na Mwangola na kila mmoja anasema chakula cha mwenzake kinanuka.

Hizo simu zenu za dakika nne. Sisi kupiga nyumbani ilikuwa unakwenda posta kuu unaagiza, unasubiri uitwe kibanda namba fulani, na kule Ujiji nani alikuwa na simu. Barua ndiyo ilikuwa kila kitu, wiki tatu ikienda vizuri. Machi 1983 nilipata barua ya kaka yangu mwanzo mpaka mwisho habari njema, mahindi yamekubali, fulani kaoa, na mwisho chini pembeni kabisa kaandika "mzee alitutoka, arobaini tumemaliza salama". Nilikuwa nimesimama kwenye ngazi za hosteli. Kipindi kilikuwa saa tatu, nikaenda. Mwalimu akaniita ubaoni nichambue kitenzi, nikachambua.

Mwiteni huyo mdogo wa kijana wa Makoroboi hapa asome.

Msafiri Kafiri

Nimeamka. Shikamoo babu.

Dada wa Rongai

Shikamoo babu. Nimeisoma nikiwa kwa tram, ikabidi niangalie nje.

Babu wa Ujiji

Marahaba wajukuu. Lakini vile viatu nilirudi navyo, viko hapa.

Kijana wa Makoroboi

Shikamoo babu, na nawashukuru wote. Nimemtumia link usiku huo huo. Nikajua atanipigia analia au atasema haendi tena. Kakaa siku mbili kimya, leo kaniandikia ujumbe mmoja: "kaka nimesoma zote, kwa hiyo nibebe unga kilo ngapi?"

Chungu Kipya

Hahahaha huyo anafika vizuri. Kilo 5. Dagaa asibebe.

Mpemba Halisi

Iliki na tangawizi kavu, na mdalasini. Asisahau.

Mtu wa Constantine

Anaenda nchi gani kwanza?

Kijana wa Makoroboi

China hukuhuku, ila yeye kapelekwa Harbin, atavaa tisheti ndani huyo. Nimemwambia unga atapata wa njano atauzoea. Abebe mwiko. Miwili, mmoja wangu.